Kompyuta Kongwe ya Zahanati: Ikarabatiwe au Ibadilishwe?

Kwa miaka mingi, kumbukumbu za wagonjwa katika zahanati na vituo vya afya vya Tanzania zilikaa katika vitabu vya MTUHA: kitabu namba 5 kwa wagonjwa wa nje, namba 6 kwa wajawazito, namba 7 kwa watoto, namba 12 kwa kina mama wanaojifungua. Vitabu hivyo bado vipo na bado vinategemewa. Lakini pembeni yake sasa ipo kompyuta. Takwimu za mwezi huingizwa katika mfumo wa DHIS2. Usajili, malipo na utoaji wa dawa katika vituo vingi vya umma hupita katika GoTHOMIS, mfumo ulio chini ya TAMISEMI. Hesabu za fedha za kituo huandikwa katika FFARS, na madai ya bima ya afya hutumwa kwa njia ya mtandao. Kwa kuwa Bunge lilikwisha kupitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, kazi ya mashine hiyo itazidi kukua.

Katika kata za vijijini kama Bashay, wilayani Mbulu mkoani Manyara, kituo cha kutolea huduma kwa kawaida hakina kompyuta nyingi. Iliyopo inaweza kuwa ilikuja na mradi uliokwisha kufungwa, au ilihamishwa kutoka ofisi nyingine ilipopata mpya. Ikianza kusuasua, athari yake haibaki mezani kwa mhudumu. Tufanye hesabu ndogo: ikiwa fomu ya kila mgonjwa inachelewa kwa dakika 4 kuliko inavyostahili, na wagonjwa wa siku hiyo ni 40, zimepotea dakika 160, yaani saa 2 na dakika 40. Mama aliyetoka nyumbani alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni ndiye anayezilipa saa hizo. Asipozilipa yeye, atazilipa mhudumu anayebaki baada ya kazi kunakili kutoka kitabuni, akiwa amechoka na makosa yakimnyemelea.

Hapo ndipo swali huzuka katika kikao cha kituo: tuikarabati au tununue nyingine? Wapo wanaosema mashine imezeeka, itupwe. Wapo wanaosema bado inawaka, fedha ziende kwenye dawa. Kila upande una hoja, lakini pande zote mbili hujibu kabla ya kujua kinachoichelewesha. Makala haya yanashikilia jambo moja: uamuzi mzuri hautokani na umri wa kompyuta, unatokana na kujua chanzo cha uzito wake na kazi inayotakiwa kufanya katika miaka ijayo. Mambo yote mawili yanaweza kuchunguzwa kituoni penyewe, kabla ya kutoa hata shilingi.

Kupima kabla ya kuamua

Kazi ya kwanza ni kuandika muda. Kwa siku tatu, mhudumu mmoja aandike dakika zinazopita tangu kubonyeza kitufe cha kuwasha hadi kuweza kufanya kazi, dakika za kufungua mfumo, na dakika za kuhifadhi fomu moja. Maneno ya jumla kwamba mashine ni nzito hayamsaidii fundi wala kamati. Namba zinasaidia, na ndizo zitakazoonyesha baadaye kama matengenezo yamefaa.

Kazi ya pili ni kuiangalia mashine ikiwa katika taabu yake. Kwa kompyuta yenye Windows, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha lenye safu zinazoonyesha kwa asilimia matumizi ya prosesa, kumbukumbu ya kazi ambayo mafundi huiita RAM, na diski. Fungua mfumo unaotumika kila siku, kisha tazama safu ipi inapanda na kubaki juu.

Diski ikikaa karibu na asilimia 100 huku nyingine zikiwa chini, tatizo lipo kwenye diski. RAM ikijaa, mashine hulazimika kuhamishia kazi zake kwenye diski, na hapo vyote viwili hupanda pamoja. Prosesa ikibaki juu hata pale ambapo hakuna programu iliyofunguliwa, shuku virusi vya kompyuta, programu zinazojifungua zenyewe, au joto lililozidi kwa sababu ya vumbi.

Na kama safu zote zipo chini, lakini ukurasa bado haufunguki? Basi huenda kompyuta haina hatia. Fungua ukurasa uleule kwa kifaa kingine kilichounganishwa na mtandao uleule. Kikichelewa nacho, tatizo ni intaneti, na kompyuta mpya kabisa ingesubiri vivyo hivyo. Kwa vituo vilivyo mbali na mnara wa simu au kati ya vilima, kipimo hiki kidogo kinaweza kukiepusha kituo na ununuzi usio na faida.

Matengenezo yanayoleta nafuu ya kweli

Kompyuta nyingi za mezani zilizotengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita zina diski ya sahani zinazozunguka. Diski ya kawaida ya aina hiyo huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kila inapoombwa taarifa, mkono wake wa kusomea husogea hadi mahali husika na kungoja sahani ifike. Kungoja huko ni kwa milisekunde chache tu, lakini Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na diski ya kuzunguka haiwezi kuhudumia zaidi ya takriban maombi mia moja ya namna hiyo kwa sekunde. Diski ya SSD haina sehemu inayozunguka, nayo huhudumia maelfu mengi kwa muda huohuo. Ndiyo maana kubadilisha diski peke yake mara nyingi hubadilisha tabia ya mashine nzima. Karibu kompyuta zote za mezani za miaka 15 iliyopita zina tundu la SATA linaloipokea, na kwa kazi za zahanati SSD ya GB 240 au 256 kwa kawaida inatosha.

Dawa ya pili ni kuongeza RAM. Mashine yenye GB 2 au 4 hulemewa na kivinjari cha intaneti cha leo. Ikiwa na GB 8 hupumua. Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, RAM za DDR3 na za DDR4 haziingiliani kwenye matundu yao, hivyo fundi ajue aina kabla ya kwenda dukani, hasa pale ambapo duka ni safari ya kwenda Babati au Arusha. Pili, Windows ya biti 32 ya matumizi ya kawaida haiwezi kutumia zaidi ya GB 4, hata ukiiwekea 8. Aliyeongeza RAM bila kubadilisha mfumo endeshi atalipa asione tofauti.

Dawa ya tatu ni usafi. Vumbi la kiangazi huziba feni na mapezi ya kupozea prosesa. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Mashine izimwe, ichomolewe kwenye umeme, ifunguliwe, vumbi lipulizwe huku feni imeshikwa isizunguke, na nta ya kupitisha joto juu ya prosesa ibadilishwe ikiwa imekauka.

Lipo pia jambo dogo lenye uzito mkubwa kwa huduma za afya. Kwenye ubao mkuu wa kompyuta kuna betri ndogo ya duara ya volti 3, kwa kawaida aina ya CR2032, inayotunza saa pale umeme unapozimwa. Ikiisha, tarehe hurudi miaka ya nyuma kila asubuhi. Kurasa salama za mtandao hukataa kufunguka, na watu hudhani mashine imekufa. Kibaya zaidi, programu iliyomo ndani ya mashine hiyo inaweza kuandika hudhurio la mjamzito, chanjo ya mtoto au dai la bima kwa tarehe isiyo ya kweli. Betri hiyo ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo kabisa. Msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta unaihusu moja kwa moja.

Pale ukarabati usipotosha

Zipo hali ambazo kuikarabati mashine ni kuahirisha tatizo. Ya kwanza ni ubao mkuu kuharibika: kompyuta inazima ghafla hata baada ya kusafishwa na kubadilishiwa kifaa cha kusambazia umeme, au vipozea umeme vidogo vya duara juu ya ubao vimevimba na kuvuja. Ya pili ni vipuri vyake kutopatikana tena isipokuwa vilivyokwisha kutumika.

Ya tatu inahusu usalama. Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilifikia kikomo cha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mashine inaendelea kuwaka, lakini isipoandikishwa katika mpango wa nyongeza haipati tena marekebisho ya usalama, na mpango wenyewe ni wa muda. Windows 11 nayo ina masharti: angalau GB 4 za RAM, diski ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha iliyokubaliwa, ambayo kwa upande wa Intel huanzia hasa kizazi cha 8. Kompyuta ya mwaka 2012 inaweza kuwekewa SSD ikaenda kwa kasi ya kupendeza, lakini haitimizi masharti hayo. Kwa kompyuta inayobeba majina na magonjwa ya watu, jambo hili halipuuzwi.

Njia ya kati ipo. Ikiwa kazi zote za kompyuta hiyo hufanyika ndani ya kivinjari, mfumo endeshi huria kama Ubuntu au Linux Mint unaweza kuipa mashine ya zamani miaka mingine ya kazi, ukiwa na marekebisho ya usalama yasiyolipiwa. Lakini ofisa TEHAMA wa halmashauri aulizwe kwanza, kwa sababu si kila programu ya afya itakubali. Kanzidata ya CTC2 ya kliniki za tiba na matunzo kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI, kwa mfano, ilijengwa juu ya Microsoft Access, inayohitaji Windows.

Hesabu ya fedha

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kamati ya usimamizi wa kituo inapopanga matumizi, iepuke mvuto wa upya na iepuke pia ubahili unaogharimu. Kipimo chepesi ni kugawanya gharama kwa miaka ya kazi inayotarajiwa. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba SSD, RAM na ufundi vinagharimu shilingi 200,000 na vitaipa mashine miaka 2 zaidi: hiyo ni shilingi 100,000 kwa mwaka. Tuseme kompyuta mpya ni shilingi 1,200,000 na itadumu miaka 6: hiyo ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Ukarabati umeshinda. Lakini kama matengenezo yangefika 600,000 kwa miaka ileile 2, mashine mpya ingekuwa nafuu zaidi, tena ikiwa na dhamana. Mafundi wengi hutumia kanuni fupi: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya mashine nyingine inayofaa, badilisha.

Umeme nao uingie katika hesabu. Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake inaweza kutumia wati 100 au zaidi. Kompyuta mpakato hutumia wati 30 hadi 50 hivi. Kwa saa 8, mashine ya wati 100 imekula uniti 0.8, na ya wati 40 imekula uniti 0.32. Kwa kituo kinachotegemea umeme wa jua, tofauti hiyo huamua kama betri zitafika jioni zikiwa na chaji ya kuangazia chumba cha kujifungulia. Kompyuta mpakato ina pia betri yake, hivyo umeme ukikatika kazi haipotei. Udhaifu wake ni kwamba huibwa kwa urahisi na kuikarabati ni kugumu zaidi. Anayebaki na ya mezani asikose kifaa cha UPS, kwa maana umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huharibu diski na ubao mkuu.

Kwa wanaonunua kompyuta zilizokwisha kutumika, tahadhari moja ni muhimu kuliko zote: maandishi ya Core i5 au Core i7 hayasemi umri. Tazama namba inayofuata. Prosesa ya i7-2600 ni ya kizazi cha 2, nayo ilitoka mwaka 2011. I5-8500 ni ya kizazi cha 8, ya mwaka 2018. Anayenunua ya kwanza kwa sababu 7 ni kubwa kuliko 5 amenunua mashine isiyokubaliwa na Windows 11. Kwa kituo cha umma, ununuzi wowote upite katika mpango wa kituo, taratibu za manunuzi na ushauri wa ofisa TEHAMA.

Kumbukumbu za wagonjwa kwanza

Uamuzi wowote utakaofikiwa, hatua ya kwanza ni ileile: kunakili taarifa kabla ya kugusa bisibisi. Nakala mbili zihifadhiwe mahali pawili tofauti, moja ikiwa nje ya jengo, zote zikifungwa kwa nenosiri. Kisha nakala ifunguliwe kwenye mashine nyingine kuhakikisha inasomeka, kwa kuwa nakala isiyojaribiwa ni matumaini tu. Watu wa Manyara hawahitaji kuelezwa kwa nini mahali pawe pawili. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang viliporomokea Katesh na vijiji jirani, vikaua makumi ya watu na kusomba nyumba na maduka kwa muda mfupi. Kilichotunzwa mahali pamoja tu kinaweza kuondoka pamoja.

Mashine ikistaafu, diski yake haistaafu nayo. Kufuta mafaili, au hata kuumbiza diski kwa njia ya haraka, huacha taarifa zikiweza kurejeshwa kwa programu za kawaida. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Diski ya kuzunguka ifutwe kwa programu inayoandika juu ya eneo lake lote. SSD ifutwe kwa amri maalumu ya kiwandani. Isiyowaka tena ivunjwevunjwe. Aliyefanya kazi hiyo na aliyeshuhudia waweke saini.

Mabaki nayo yasichomwe wala kutupwa shimoni pamoja na taka za kituo. Ndani ya kompyuta za zamani kuna risasi katika madini ya kuunganishia, na zebaki katika taa za vioo bapa vya kizazi cha mwanzo. Ripoti ya kimataifa ya taka za kielektroniki ya mwaka 2024 ilionyesha kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuonya mwaka 2021 kwamba watoto na wajawazito huathirika zaidi na sumu zake. Mali ya umma ibaki katika daftari la mali hadi halmashauri iidhinishe kuiondoa, kisha ikabidhiwe kwa mkusanyaji mwenye kibali.

Neno kwa mgonjwa

Msomaji ambaye si mtumishi wa afya anaweza kudhani habari hii haimhusu. Inamhusu. Tunza kadi yako na namba yako ya usajili, maana namba hutafutika haraka kuliko jina linalofanana na la jirani. Ukipewa karatasi iliyochapwa, tazama jina, umri na tarehe kabla ya kuondoka, na useme pale panapokosewa. Kompyuta ikigoma, una haki ya kuhudumiwa na kuandikwa kitabuni. Mgonjwa mahututi hasubirishwi kwa ajili ya skrini. Na kama kuna mwakilishi wa kijiji chako katika kamati ya usimamizi wa kituo, muulize kompyuta ya kituo ina hali gani na kumbukumbu zenu zimenakiliwa wapi.

Kikao kijacho cha kamati kinaweza kumaliza jambo hili kwa karatasi moja: muda uliopimwa kwa siku tatu, safu iliyoonekana kuzidiwa, namba ya prosesa, bei mbili zilizoandikwa na mafundi, miaka inayotarajiwa, na jina la atakayenakili taarifa kabla kazi haijaanza. Mganga mfawidhi akiwa na karatasi hiyo mkononi, mabishano ya kale na kipya yatakwisha, na kituo kitajua kama kinachohitajika ni betri, diski, mtandao au mashine nyingine kabisa.